Mshono umepona, miguu imekwisha: barua ya wazi kuhusu waliopasuliwa saratani ya mapafu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya,
Wakurugenzi wa hospitali zinazofanya upasuaji wa kifua nchini.

YAH: MISULI YA MGONJWA HAINA MWENYEWE

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Sisi hatupasui mapafu. Tunamwandikia mgonjwa rufaa, anakwenda hospitali kubwa, akibahatika anapasuliwa, halafu anarudi kwetu. Daktari bingwa aliyempasua humwona kliniki kwa dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi. Mimi humwona anapojaribu kuinuka.

Mshono mara nyingi uko safi kabisa. Sina neno na kazi ya madaktari wetu wa upasuaji. Pafu la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2. Daktari huondoa sehemu yenye uvimbe pamoja na tezi za jirani, wakati mwingine huondoa pafu zima, hufunga kifua, na mtu anaishi. Ila nikishusha macho kutoka kwenye mshono nakutana na mapaja yaliyobaki mifupa, suruali iliyofungwa kwa kamba, bega lisiloinuka upande uliopasuliwa, na baba wa makamo anayeshikwa kwapani na wanawe wawili kutoka kwenye bajaji. Naomba karatasi ya kuruhusiwa. Nasoma majina ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na ushauri mmoja: apumzike.

Familia zetu hutii ushauri huo kwa moyo wote, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Lakini kabla sijafika nyumbani kwa mgonjwa, naomba tuanzie mbali kidogo, maana misuli haikuanza kupotea siku aliyopasuliwa.

Mgonjwa wa saratani ya mapafu kwa kawaida hufika zahanati na kikohozi, jasho la usiku na kukonda. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, kwa hiyo tabibu huwaza TB kwanza, na simlaumu. Anapima makohozi, hayana kitu, picha ya kifua ina doa, mgonjwa anaanzishiwa dozi ya TB hata hivyo. Miezi inakatika. Akija kupata picha ya CT na kipimo cha nyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara), tayari mkanda umehamia tundu la mwisho. Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6, bila kukusudia, ameshaingia kwenye hali ya mwili kujila wenyewe. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu. Wengi wa wagonjwa wetu hupita kipimo hicho wakiwa bado kwenye foleni ya kwanza.

Na kujila huko hakufanani na njaa ya kawaida. Mtu mwenye njaa huanza kuchoma mafuta na misuli huiwekea akiba kadiri inavyowezekana. Saratani huuamsha mwili mzima kama unaopambana na kidonda cha ndani kisichoonekana, huondoa hamu ya chakula, na huuamuru mwili uvunje protini ya misuli hata kama mafuta bado yapo. Ndiyo maana mama mwenye umbo kubwa anaweza kuonekana “hana shida,” huku chini ya unene huo misuli imeshanyauka. Mizani ya pale mapokezi haitofautishi hayo mawili.

(Nikishasema mama, niseme na hili: wengine hawajawahi kushika sigara. Wamepikia kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha maisha yao yote. Swali la “ulikuwa unavuta?” likiulizwa kwa sauti ya hakimu mbele ya wakwe, mgonjwa huyo hafungui mdomo tena.)

Kisha anaingia wodini kusubiri upasuaji. Anaambiwa asile kuanzia usiku. Asubuhi chumba cha upasuaji kina dharura, anaahirishwa. Saa nane mchana anapewa chai na mkate, usiku anaanza kufunga upya. Nimesikia simulizi hii kutoka kwa wagonjwa wa hospitali tofauti kiasi kwamba siwezi kuiita bahati mbaya ya siku moja. Miongozo ya kisasa ya dawa za usingizi humruhusu mgonjwa wa kawaida kula chakula chepesi hadi zibaki saa 6 kabla ya usingizi, na kunywa maji au chai ya rangi hadi zibaki saa 2. Kurekebisha hili hakuhitaji hata shilingi ya wafadhili. Kunahitaji simu moja kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodini: “Ameahirishwa, mpeni chakula sasa hivi.”

Halafu kisu chenyewe. Upasuaji wa kifua kwa njia ya wazi hupita ubavuni, na mara nyingi hukata msuli mpana wa mgongo. Huo ndio msuli wa kuvuta ndoo kisimani, kuvuta wavu, kushusha jembe. Mbavu hupanuliwa kwa chuma ili daktari aone ndani, na mishipa ya fahamu iliyo chini ya mbavu huumia. Maumivu yake humfanya mtu ajikunyate upande mmoja, mkono ukiwa umebanwa kifuani, na asipoelekezwa hubaki hivyo. Baada ya wiki chache bega limekaza. Mwanamke hawezi kuanika kanga kwenye kamba. Fundi seremala hawezi randa. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera hupunguza sana madhara haya, lakini hauwezekani kwa kila mgonjwa wala haupatikani kila mahali, na wanaofika kwetu kwa kuchelewa huwa ni wa njia ya wazi.

Maumivu hayohayo humzuia kukohoa. Asipokohoa, makohozi hubaki, sehemu ya pafu husinyaa, nimonia inaingia. Misuli ya kati ya mbavu na kiwambo cha pumzi nayo ni misuli kama mingine: ikilegea, kikohozi kinakuwa cha kubembeleza. Kwa hiyo dawa za kutosha za maumivu, morfini ikiwemo, ni sehemu ya kazi yangu ingawa siziandiki mimi. Mgonjwa anayeumia hafanyi mazoezi. Nikimkuta muuguzi ameficha morfini kwa hofu kwamba mgonjwa “ataizoea,” najua siku yangu na ya mgonjwa imeharibika.

Kisha kitanda. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliolaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10, wakilishwa vizuri, bila ugonjwa, bila kidonda. Kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Sasa mchukueni mtu mwenye saratani, aliyekonda kabla, aliyefungwa kula usiku mara mbili, mwenye mrija wa kutoa hewa na maji kifuani na maumivu, mkamlaze kwa wiki mbili kisha mkampeleka nyumbani na ushauri wa kupumzika.

Mrija wenyewe umezungukwa na hofu isiyo na sababu. Ndugu wanaona chupa ya maji inayotoa mapovu chini ya kitanda na wanaamini mgonjwa akisogea atakufa. Hata baadhi ya wauguzi huwaambia “usiguse hapo.” Ukweli ni kwamba chupa ikibebwa wima, chini ya usawa wa kifua, na mrija usipokunjwa wala kuvutwa, mgonjwa anaweza kutembea nayo kwenye korido. Mwongozo wa pamoja wa taasisi ya ERAS, inayoshughulikia kupona haraka baada ya upasuaji, na chama cha Ulaya cha madaktari wa upasuaji wa kifua, uliotoka mwaka 2019, unataka mgonjwa ainuke kitandani mapema, ndani ya saa 24 za kwanza. Kwetu siku ya kwanza ni siku ya ndugu kukaa kitandani kwa mgonjwa wakimfuta jasho.

Sasa tufike nyumbani. Mtanzania anapenda mgonjwa wake. Baba akirudi kutoka kupasuliwa kifua, hanyanyui kikombe. Anaogeshwa, anavalishwa, anawekewa ndoo chumbani ili asitembee hadi chooni, na akijaribu kusimama watu wanne wanapiga kelele. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali anamwambia alale, asijichoshe. Jirani mmoja atasema mtu aliyekatwa pafu ni nusu mtu. Laiti huyo jirani angesikia habari za James Gilmore, daktari wa Marekani aliyeondolewa pafu zima kwa sababu ya saratani mwaka 1933, upasuaji wa kwanza wa aina yake kufanikiwa. Alirudi kwenye kazi yake ya udaktari na akaishi hadi 1963. Evarts Graham, bingwa aliyempasua, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mwenye pafu moja akamzika mwenye mawili.

Na chakula nyumbani? Hapo ndipo mapenzi na uvumi vinapokutana. Mmoja amesikia nyama inalisha saratani. Mwingine ameambiwa maziwa yanaleta makohozi. Wa tatu ameletewa majani ya mstafeli. Kinachobaki ni uji mweupe na juisi. Mapendekezo ya kimataifa ya lishe kwa wagonjwa wa saratani yanataka protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mtu wa kilo 60 afikirie zaidi ya gramu 60, hadi 90. Kikombe cha uji wa sembe mtupu hakifikishi hata 5. Yai moja lina kama 6, nusu lita ya maziwa kama 16, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu wanazidi vyote hivyo kwa protini, uzito kwa uzito. Sijawahi kuona karatasi ya kuruhusiwa iliyoandika dagaa. Ningefurahi kuiona kabla sijastaafu.

Waheshimiwa, mtaniuliza: kwani pafu likishakatwa, si lazima mtu ahemee juujuu? Si kwa kiasi watu wanachodhani. Aliyeondolewa sehemu moja ya pafu hurudishiwa sehemu kubwa ya uwezo wake wa pumzi ndani ya miezi kadhaa, kwa kuwa sehemu zilizobaki hutanuka na kuchukua kazi. Tafiti zilizowapandisha wagonjwa wa namna hiyo baiskeli za vipimo zilikuta kwamba wengi wao husimamishwa na uchovu wa miguu kabla ya kusimamishwa na pumzi. Nalishuhudia hilo karibu kila ninapowapima. Mgonjwa anasema “pumzi imekata,” nikimwuliza vizuri ananionesha mapaja. Misuli dhaifu hutumia hewa vibaya, moyo unakimbia, mtu anahema, na wote wanalaumu pafu lililobaki. Pafu hatuwezi kuliotesha. Mapaja tunaweza.

Na hapa ndipo nawaomba Mfuko wa Bima na Wizara msome polepole. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu ambao uvimbe wao umevuka hatua ya kwanza huhitaji dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, baada ya upasuaji, kwa kawaida mizunguko 4, zikianza ndani ya wiki chache. Daktari wa saratani, kabla hajaandika dripu, humpa mgonjwa alama ya uwezo wa mwili: 0 ni mtu anayefanya kila kitu chake, 4 ni mtu asiyetoka kitandani. Mwenye 3 au 4 kwa kawaida hapewi, kwa sababu dawa itamuua kabla ya saratani. Mgonjwa aliyepumzishwa hadi miguu ikaisha anakosa nusu ya pili ya tiba yake. Taifa limelipia picha za CT, kipimo cha nyama, chumba cha upasuaji, damu na kitanda cha uangalizi maalumu, kisha tunapoteza matunda yake kwa kukosa mtu wa kumsimamisha mgonjwa kwenye kiti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muda wa kuzuia haya upo, na tunauchezea. Kati ya siku ya picha ya kwanza na siku ya upasuaji kuna wiki kadhaa za kusubiri majibu ya nyama, kusubiri kibali, kusubiri tarehe. Mgonjwa hukaa kwenye benchi au kwa ndugu yake Mbagala akingoja simu. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 10 ya mazoezi kabla ya upasuaji wa saratani ya mapafu, yalionesha kwamba waliofanya mazoezi walipata matatizo ya kifua baada ya upasuaji kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao, na waliruhusiwa mapema kwa takribani siku 2. Majaribio hayo hayakuwa makubwa na sitaki kuyabebesha zaidi ya uwezo wake, lakini kwa jumla yanaelekea upande mmoja. Mapitio mengine ya 2019, ya mazoezi baada ya upasuaji, yalikuta waliofanya mazoezi wanatembea zaidi ya mita 50 mbele ya wenzao katika kipimo cha dakika 6. Kwa mtu wa kawaida mita 50 ni kitu kidogo. Kwa mtu ambaye choo kiko uani, ni tofauti ya kwenda mwenyewe au kubebwa.

Mwaka 2025 umetoka pia utafiti mkubwa wa saratani ya utumbo mpana: waliofuata programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3 baada ya kemo, asilimia 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 5, dhidi ya 74 ya waliopewa vijitabu vya maelezo tu. Huo ni utumbo, wala siutumii kuwaahidi wagonjwa wangu wa mapafu chochote. Ninautaja kwa sababu ya kile kilicholinganishwa: msimamizi dhidi ya kijitabu. Sisi hata kijitabu hatujatoa.

Najua kuna watakaosema tusubiri dawa. Japani iliidhinisha dawa ya anamorelini mwaka 2021 kwa wagonjwa waliokonda kwa saratani, ya mapafu ikiwemo. Ni jambo jema, lakini dawa ya kuongeza hamu ya kula haimfundishi mtu kupanda ngazi.

Ninachoomba ni kwamba misuli ya mgonjwa huyu iwe na mwenyewe. Uvimbe una daktari wa upasuaji, dripu zina daktari wa saratani, usingizi una mtaalamu wake, kidonda kina muuguzi. Misuli haimo hata kwenye faili. Wakurugenzi wa hospitali, mkitaka kuanza kesho asubuhi, chukueni kiti kisicho na mikono. Mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5 bila kujishika. Akizidi sekunde 15, nguvu zake ni ndogo. Hicho ni kipimo kinachotambuliwa na wataalamu wa Ulaya wa udhaifu wa misuli, na gharama yake ni kiti. Kama mna kipima nguvu ya kiganja, mwanaume aliye chini ya kilo 27 na mwanamke aliye chini ya 16 wanahitaji msaada kabla ya kisu. Kisha korido ya mita 30 na saa ya mkononi kwa kipimo cha dakika 6. Andikeni namba hizo siku mgonjwa anapoamuliwa kupasuliwa, siku anaporuhusiwa, na siku ya kliniki ya kwanza. Jina la mtaalamu anayewajibika nazo liandikwe kwenye jalada la faili kama linavyoandikwa la daktari.

Na mtu wa fizio aingie kwenye kikao kinachoamua upasuaji. Sasa hivi tunaitwa siku ya tatu, mgonjwa akiwa na homa na pafu limejaa makohozi, tuje “kumpigapiga mgongo.” Tungeitwa wiki nne kabla, tungemfundisha pumzi ndefu, namna ya kukumbatia mto kifuani anapokohoa, namna ya kuinuka kwa ubavu bila kuvuta mshono, na tungemtembeza kila siku. Mvutaji angepata pia muda wa kuacha, kwa sababu miongozo inataka walau wiki 4 bila sigara kabla ya upasuaji.

Mheshimiwa Waziri, najua jibu la kwanza litakuwa upungufu wa watumishi. Ni kweli. Kwenye hospitali ya mkoa unaweza kutukuta wawili au watatu, na tunahudumia waliopooza, watoto wenye mtindio wa ubongo, waliovunjika kwa bodaboda, na wazee wa mgongo. Tuongezewe, hilo halina mjadala. Lakini kuna kitu nchi hii inakifanya vizuri kwa miongo mingi na kinaweza kuazimwa: kumeza dawa za TB mbele ya msimamizi. Tulitambua kwamba mtu akipewa vidonge vya miezi 6 na kuachwa peke yake, ataacha akipata nafuu. Tukamwekea mtu wa kumwangalia, ndugu au mhudumu wa kijijini. Mazoezi nayo huachwa vilevile. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Mhudumu huyo hatakiwi kujua anatomia ya kifua. Afike nyumba ya mgonjwa, ahesabu mara ngapi amesimama kwenye kiti, amtembeze hadi dukani na kurudi, aulize amekula nini, aandike kwenye daftari, na apige simu kwetu akiona mgonjwa anarudi nyuma, ana homa, au mguu mmoja umevimba.

Tena hatuanzi bila msingi. Mwezi Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake, ndani ya mifumo ya afya ya nchi wanachama, na Tanzania ni mwanachama. Neno utengamao tunalo kwenye vibao vya idara. Nalitafuta kwenye bajeti ya wodi ya upasuaji wa kifua.

Kwako Mkurugenzi Mkuu wa Bima, ombi langu ni jepesi kulieleza hata kama ni gumu kulitekeleza. Kibali cha upasuaji wa mapafu kinapotoka, kitoke kikiwa na mahudhurio ya fiziotherapia ndani yake, ya kabla na ya baada, na mahudhurio ya baada yaweze kutumika kwenye hospitali iliyo karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Mtu aliyepasuliwa Dar es Salaam na anayeishi Nachingwea hawezi kupanda basi kila wiki kuja kunyanyua mkono. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kila mara vifurushi vinapopangwa au kupitiwa, hili liwe mezani. Na kwa wasio na bima: wapo wanaopata msamaha wa upasuaji kupitia ustawi wa jamii, kisha wanafika dirishani kwetu na kuambiwa walipie kila hudhurio taslimu. Wanakuja mara moja. Hatuwaoni tena. Msamaha uliofuta gharama ya kisu ungefuta na hii ndogo inayokuja nyuma yake.

Kuna wagonjwa ambao mazoezi hayatawainua, kwa sababu ugonjwa umeshasambaa au moyo haumudu. Hao wanahitaji faraja na dawa za maumivu, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akaenda kumsukuma mzee anayekufa azunguke uwanja. Kupima mapema kutatusaidia pia kuwatambua hao. Ninaowazungumzia ni wale walioondolewa uvimbe wote, ambao kila kipimo kinasema wana nafasi ya kupona, na wamelala chumbani na ndoo pembeni kwa sababu karatasi ya hospitali ilisema hivyo.

Kwa hiyo karatasi hiyo ibadilishwe. Iandikwe Kiswahili, ieleze atembee mara ngapi kwa siku na aongeze vipi, asinyanyue kitu kizito hadi lini, bega alizungushe namna gani, ale nini chenye protini kinachopatikana sokoni kwake, dalili zipi zimrudishe hospitali mara moja, na idara gani ya fiziotherapia iliyo karibu inamsubiri tarehe gani. Nimeandaa mfano wa ukurasa mmoja na wenzangu wawili wa idara wameupitia, pamoja na daktari wetu wa upasuaji na mtaalamu wa lishe. Hospitali yoyote itakayouhitaji nitautuma, na mkiona mahali pa kurekebisha, rekebisheni na muutumie.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Hospitali ya rufaa ya mkoa, kusini mwa Tanzania